Kinga ya mwili inapopigana na mbegu za mume, lawama isiende kwa mke

KATIKA barabara za River Road, Accra na Tom Mboya jijini Nairobi, nguzo za stima na kuta za majengo zimejaa vibandiko vya waganga wanaodai kutibu utasa, kurejesha nguvu za kiume na kumrudisha mume aliyehama nyumbani. Kilomita chache magharibi mwa hapo, katika maeneo ya Upper Hill, Hurlingham, Kilimani na Parklands, zipo kliniki za kisasa ambako yai la mke huunganishwa na mbegu ya mume ndani ya maabara. Wanaotafuta mtoto jijini huweza kupitia sehemu zote mbili, na si ajabu wakatoka kote bila jibu.

Hali hiyo ya kukosa jibu inatambuliwa rasmi na madaktari. Wanaiita utasa usio na sababu inayojulikana. Mke amepimwa na kupatikana kwamba yai lake linapevuka kila mwezi na mirija yake ya uzazi iko wazi. Mume naye amepimwa, mbegu zake zikaonekana kutosha kwa idadi na kwa mwendo. Hata hivyo mwaka unapita, wa pili unaingia, na mimba haipatikani. Wataalamu wanakadiria kuwa kati ya asilimia 15 na 30 ya wanandoa wanaofika katika kliniki za uzazi huangukia katika kundi hili.

Jambo lenyewe si la watu wachache. Katika ripoti iliyotolewa Aprili 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kuwa takriban asilimia 17.5 ya watu wazima duniani, yaani karibu mmoja kati ya kila sita, hukumbwa na tatizo la kukosa uwezo wa kuzaa wakati fulani maishani. Mataifa tajiri na yale maskini hayakutofautiana sana. Shirika hilo huhesabu kuwa kuna tatizo pale mimba inapokosa kupatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga.

Miongoni mwa maelezo yanayotolewa kwa wanandoa wa kundi hili ni kwamba huenda kinga ya mwili ndiyo chanzo. Wapo wanaoambiwa kuwa mwili wa mke unazikataa mbegu za mume. Wapo pia wanaoambiwa kuwa mume mwenyewe ana kingamwili zinazozishambulia mbegu zake. Maelezo hayo yana msingi wa kisayansi. Lakini msingi huo una mipaka yake, na ni vyema mwananchi aijue mipaka hiyo kabla ya kufungua kibeti.

Kazi ya kinga ya mwili ni kutofautisha kilicho chake na kilicho kigeni. Mafunzo hayo mwili huyapata mapema, tangu mtoto akiwa tumboni na katika siku zake za kwanza duniani. Mbegu za kiume, kwa upande wake, huanza kutengenezwa wakati wa kubaleghe, miaka mingi baada ya kinga kukamilisha somo lake. Kwa hivyo, machoni pa kinga, mbegu ni mgeni aliyeingia nyumbani wakati orodha ya wenyeji imekwisha kufungwa.

Mwili umeweka ulinzi kwa ajili ya hatari hiyo. Ndani ya korodani, seli ziitwazo seli za Sertoli hushikamana na kuunda ukuta unaozitenga mbegu na damu, hivi kwamba askari wa kinga hawakutani nazo. Maadamu ukuta huo ni mzima, amani hudumu. Ukivunjika, mbegu hukutana na damu na mwili huanza kutengeneza kingamwili dhidi yake.

Yako mambo kadhaa yanayoweza kuuvunja. Mojawapo ni jeraha la korodani, au korodani kujinyonga. Jingine ni upasuaji wa sehemu hizo. Maambukizi nayo huchangia, yakiwemo magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia, na uvimbe wa korodani unaoweza kumpata mvulana aliyebaleghe anapougua matubwitubwi. Hata hivyo, sababu iliyo wazi kuliko zote ni upasuaji wa kufunga uzazi wa mwanamume. Wengi wa wanaume waliofungwa, kisha wakafunguliwa tena, hukutwa na kingamwili hizo, ingawa baadhi yao huendelea kuzaa.

Kingamwili zinaponata kwenye mbegu, madhara hutegemea zimenata wapi. Zikishika kichwa, mbegu huweza kushindwa kupenya yai. Zikishika mkia, mwendo hupungua. Wakati mwingine mbegu hugandana zenyewe kwa zenyewe, au zikifika katika ute wa mlango wa uzazi hubaki zikitetemeka mahali pamoja bila kusonga mbele.

Elimu hii si ngeni. Mnamo 1899, mwanasayansi Karl Landsteiner, yule yule aliyegundua makundi ya damu baadaye, alionyesha kuwa mbegu zikidungwa ndani ya mnyama huamsha kinga yake. Mwaka wa 1954, Philip Rümke wa Uholanzi na Leslie Wilson wa Marekani, kila mmoja akifanya kazi kivyake, walieleza kuwepo kwa kingamwili dhidi ya mbegu katika wanaume waliokosa watoto. Tangu wakati huo maabara zimekuwa na njia za kuzitafuta. Iliyo maarufu ni ile ya kuchanganya manii na vipunje vidogo vilivyopakwa dawa maalumu. Vipunje vikinata kwenye mbegu zinazoogelea, kingamwili zipo. WHO imekuwa ikitumia asilimia 50 ya mbegu zilizonatwa kama kiwango cha kutia shaka.

Upande wa pili wa habari hii unahusu majimaji yanayobeba mbegu. Wengi hudhani kuwa manii ni mbegu tupu, ilhali mbegu ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya manii. Sehemu kubwa ni majimaji yatokayo kwenye vifuko vya manii na tezi dume. Kwa muda mrefu majimaji hayo yalidhaniwa kuwa chombo cha usafiri tu. Uchunguzi wa miongo ya karibuni, hasa ule wa Profesa Sarah Robertson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Adelaide nchini Australia, umebadilisha dhana hiyo.

Watafiti hao wameeleza kuwa majimaji hayo hubeba ujumbe wa kikemikali kwa kinga ya mwanamke. Saa chache baada ya tendo la ndoa, chembechembe nyeupe za damu humiminika kwenye mlango wa uzazi. Baadaye hujitokeza kundi la seli ambazo kazi yake ni kuituliza kinga, ili kiinitete ambacho nusu yake ni ya baba kisichukuliwe kuwa adui. Watafiti pia wamechunguza iwapo mwanamke aliyezoeana kwa muda na manii ya mwenzake hupata nafuu dhidi ya maradhi ya shinikizo la damu yatokanayo na ujauzito.

Nairobi yenyewe si mgeni katika elimu ya kinga ya njia ya uzazi. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, wamekuwa wakifuatilia kundi la wanawake wa Pumwani, na miongoni mwao walipatikana waliokaa miaka mingi wakikabiliwa na virusi vya Ukimwi bila kuambukizwa. Utafiti huo ulilenga Ukimwi wala haukuhusu utasa. Lakini uliionyesha dunia kuwa kinga iliyoko katika njia ya uzazi ina tabia zake, na kwamba mambo hayo yanaweza kuchunguzwa hapa hapa jijini.

Swali la msingi ni hili: Je, wanandoa waliokaa miaka mitatu bila mtoto wakimbilie vipimo vya kinga?

Jibu la mashirika yanayotegemewa limekuwa la tahadhari. Mwongozo wa taifa wa Uingereza, uliotolewa 2004 na kurekebishwa 2013, ulisema upimaji wa kingamwili dhidi ya mbegu usifanywe kama desturi, kwa kuwa hakuna tiba iliyothibitishwa kuzidhibiti na kuleta mtoto. Chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu utasa usio na sababu inayojulikana, hakikupendekeza kipimo hicho pale ambapo uchunguzi wa kawaida wa manii umeonyesha hali nzuri. Kupima kingamwili hizo katika damu ya mume au ya mke pia hakukupendekezwa.

Sababu zao zinaeleweka. Kwanza, kingamwili hizo hupatikana pia kwa baadhi ya wanaume wenye watoto, kwa hivyo kuziona hakumaanishi kuwa ndizo zilizozuia mimba. Pili, tiba yake ina mashaka. Madaktari waliwahi kuwapa wanaume dawa za kupunguza kinga za jamii ya prednisolone kwa miezi mingi. Matokeo ya majaribio yaligongana, na dawa zenyewe zina madhara, likiwemo la kuharibu mfupa wa nyonga. Tatu, hata kingamwili zikiwepo, njia za kuzikwepa ni zile zile ambazo wanandoa hawa wangeelekezwa kwazo. Njia hizo ni kusafisha mbegu na kuziweka ndani ya mji wa mimba, au kudunga mbegu moja ndani ya yai, ufundi ulioripotiwa na watafiti wa Brussels, Ubelgiji, mwaka wa 1992.

Kwa upande wa mke, yapo mafunzo makali zaidi. Miaka iliyopita, madaktari katika nchi kadhaa walikuwa wakiwadunga wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara chembechembe nyeupe za damu za waume zao, wakiamini kuwa zingeizoesha kinga. Jaribio kubwa lililochapishwa 1999 katika jarida la Lancet halikuonyesha faida yoyote, bali lilitia hofu kuwa tiba hiyo ilikuwa na madhara. Serikali ya Marekani iliizuia mwaka wa 2002 isitumike nje ya utafiti. Vivyo hivyo, majaribio ya kumpa mwanamke majimaji ya manii wakati wa kupandikiza kiinitete hayajathibitisha kuwa idadi ya watoto wanaozaliwa huongezeka.

Kwa muhtasari, sayansi inasema kinga ina nafasi yake katika uzazi, lakini bado haijampa daktari wa Nairobi silaha ya kuaminika ya kutumia juu ya nafasi hiyo. Anayeuziwa kifurushi cha vipimo vya kinga ana haki ya kumuuliza daktari: Matokeo haya yatabadilisha nini katika matibabu yangu?

Wakati huo huo, kipimo cha msingi ndicho kinachopuuzwa. Uchunguzi wa manii ni kipimo cha bei nafuu ukilinganisha na upasuaji wa kukagua tumbo la mwanamke. Tena wataalamu wanasema upande wa mume huchangia, peke yake au pamoja na wa mke, katika karibu nusu ya visa vya utasa. Pamoja na hayo, mwanamke ndiye anayetangulia kliniki, mara nyingi peke yake, huku mume akisisitiza kuwa yeye hana kasoro kwa kuwa nguvu zake kitandani ni kamili.

Hapa pana kosa ambalo vibandiko vya River Road hulikuza kila siku. Nguvu za kiume ni jambo moja, na mbegu ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu za simba na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Dawa ya kuamsha nguvu haiongezi mbegu wala haiondoi kingamwili.

Hata mume anapokubali kupimwa, kuna vikwazo vya kijiografia. Manii yanapaswa kutolewa baada ya kujizuia kwa siku mbili hadi saba, yasipatwe na baridi wala joto kali, na yaanze kuchunguzwa ndani ya saa moja. Mkazi wa Kawangware au Kangemi ambaye maabara yake haina chumba cha faragha huambiwa ajitayarishe nyumbani. Akikwama katika msongamano wa magari wa Ngong Road au Waiyaki Way, mbegu zitafika zimechoka na matokeo yatampa jina ambalo si lake. Ndiyo maana wataalamu hutaka kipimo kirudiwe. Aidha, mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hivyo homa kali ya Januari huweza kuonekana katika matokeo ya Machi.

Athari za kutopima ni kubwa kuliko fedha. Julai 2016 Wakenya walishtushwa na habari za mwanamke wa Kaunti ya Machakos aliyekatwa mikono yote miwili kwa panga katika ndoa iliyokosa mtoto, na mumewe akashtakiwa. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa hospitalini waliambiwa tatizo liko kwa mume. Visa vya kiasi hicho ni nadra, lakini kuna ukatili mwingine usioandikwa magazetini: mavyaa anayeuliza kila Krismasi, mawifi wanaonong'ona, na mke wa pili anayeletwa bila mume kupimwa hata mara moja.

Ni kwa sababu hiyo maelezo ya kinga yanahitaji kutolewa kwa uangalifu. Mwanamke akiambiwa kuwa mwili wake unazikataa mbegu za mumewe, jamii haitasikia habari za seli wala kingamwili. Itasikia kuwa kosa ni lake, sasa likiwa na muhuri wa daktari. Ilhali kingamwili zilizochunguzwa zaidi ni zile zilizo katika manii ya mume, na hata hizo hazimfanyi mtu kuwa mkosaji. Ni ajali ya kimaumbile, kama mzio wa vumbi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mnamo 1967 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa wastani wa watoto wanane. Utafiti wa afya wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Hayo ni mafanikio. Lakini mfumo uliojengwa kwa nusu karne kuwasaidia wanaozaa mno haukuwakumbuka wasiozaa kabisa, ambao waliachiwa waganga upande mmoja na kliniki za kibinafsi upande mwingine. Watoto wa kwanza nchini waliotungwa katika maabara walizaliwa 2006 chini ya uangalizi wa Dkt Joshua Noreh jijini Nairobi. Hadi leo huduma hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi kwa jaribio moja, bila hakikisho la mtoto.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi. Mswada wa kusimamia teknolojia ya kusaidia uzazi, ambao Mbunge Millie Odhiambo ameupigania kwa zaidi ya muongo mmoja, umerudi bungeni kwa sura tofauti tofauti. Sheria ya namna hiyo ni muhimu, maana inaweza kuzilazimu kliniki kueleza wazi kiwango chao cha mafanikio na ushahidi wa kila kipimo kinachouzwa. Hata hivyo, kwa mkazi wa Kawangware, faida ya haraka zaidi ingetoka kwingine: hospitali za kaunti kama Mbagathi kuwa na chumba cha faragha na fundi wa maabara aliyefunzwa kuchunguza manii ipasavyo, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kuhakikisha vipimo vya msingi vya utasa vya mume na mke vinalipiwa pamoja.

Kwa wanandoa wenyewe, hesabu ina matumaini kuliko vibandiko vinavyodai. Kati ya wanandoa 100 wanaotafuta mtoto, mke akiwa chini ya miaka 40, zaidi ya 80 hupata mimba katika mwaka wa kwanza, na karibu nusu ya wanaosalia hufanikiwa katika mwaka wa pili. Kwa hivyo wanandoa wachanga ambao vipimo havijaonyesha tatizo wanaweza kushauriwa kusubiri kwa muda bila kunywa dawa yoyote. Aliyetimiza miaka 35 hana muda huo, na anashauriwa kumwona daktari baada ya miezi sita.

Subira hiyo, hata hivyo, hufaa pale tu ambapo wote wawili wamepimwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hakuna mahali ambapo methali hiyo inafaa zaidi ya hapa. Mume aandamane na mkewe tangu siku ya kwanza, atoe manii yapimwe kabla ya mke kulazwa kwenye meza ya upasuaji, na aseme bila haya iwapo aliwahi kuugua ugonjwa wa zinaa au kuumia korodani akicheza mpira. Majibu hayo mawili matatu humsaidia daktari kuliko kifurushi kizima cha vipimo vya kinga, tena hayalipiwi hata senti.